Mama Hanywi Chai Mkwewe Akiwa Nyumbani

Bi Sharifo mpendwa, nakuomba unishike mkono kabla fundi hajashika nyundo, maana Jumatatu anakuja kuvunja ukuta wa chumba chetu cha kulala na mimi mpaka sasa sijui kama ninajenga bafu au ninabomoa nyumba.

Jina langu ni Kabura. Nimezaliwa nje kidogo ya Kitale, katika familia ya Wakikuyu waliokuja kulima mahindi huko tangu zamani, na nimeolewa hapa Kanduyi na Mbukusu anayeitwa Wangila, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole ambaye tangu tuoane sijamsikia akimfokea mtu isipokuwa refa wa mpira. Watoto, Kui na wadogo zake, wameshahama, tumebaki wawili na nyumba ya vyumba vitatu, na choo na bafu ni kimoja tu, kiko kwenye korido, na mlango wake unatazamana na sebule uso kwa uso, yaani ukiketi kwenye kochi la Wangila unaona nani anaingia na taulo na nani anatoka na sabuni. Tulipojenga hatukuona ubaya wowote kwa sababu watoto walikuwa wadogo na kila mtu alikuwa akiingia mbio na kutoka mbio.

Sasa mwaka huu mama yangu, Nyaruai, aliteleza kule Kitale akienda chooni, choo chenyewe kiko chini ya mteremko nyuma ya zizi, akaumia nyonga, na ndugu yangu Muigai na mkewe wanashinda sokoni kutwa nzima, kwa hiyo nikasema mama aje akae na mimi. Wangila hakupinga hata kidogo, yeye mwenyewe ndiye aliyezunguka Bungoma nzima akitafuta godoro gumu la kumfaa. Lakini Bi Sharifo, wewe ni mtu wa huku kwetu, unajua mambo ya mkwe. Kwa Wabukusu mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawaketi karibu, hawali pamoja, na kwetu pia mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya, basi Wangila akitaka kumwambia mama neno ananiambia mimi na mama yuko papo hapo anasikia, "Mama Kui, si uambie mama chai iko kwa thamosi," na mama naye anajibu akiangalia ukuta, "Mwambie asante, nitakunywa baadaye."

Mimi nilidhani anakunywa. Nilikuwa naangalia sahani, zinarudi tupu, nikaridhika, vikombe sikuviangalia. Siku moja akaishiwa nguvu akaanguka jikoni, nikamkimbiza hospitali, daktari akasema mwili umekauka maji na kibofu kimeingia ugonjwa, akaniuliza kwa upole, ati huyu mzee huko nyumbani ananyimwa maji? Nilitamani ardhi inimeze. Tulipobaki wawili wodini nikamwuliza, "Maitu, mama yangu, kwa nini hunywi?" Akageuza uso akasema, "Nikikunywa nitaenda choo. Na nikienda choo nitapita mbele ya mume wako na kitambaa kwa bega kama msichana wa hoteli. Afadhali kiu."

Kumbe alikuwa anangoja asikie pikipiki ya Wangila imetoka ndipo aingie bafuni, na siku za Jumapili Wangila akishinda nyumbani mama anashinda na kiu yake. Na Wangila naye nilipomweleza akainamisha kichwa, akaniambia tangu mama aje hajaoga kwenye lile bafu hata mara moja, anaogea nyuma ya karakana yake kwa ndoo, mvua ikinyesha anaoga na mvua, kwa sababu siku ya kwanza alikuta kitambaa cha mama kimetundikwa kwenye msumari na akaona hawezi kuvua nguo pale ambapo mkwe amevua. Nililia, Bi Sharifo, kwa sababu ni heshima tupu iliyokuwa ikiwatesa, hakuna aliyemchukia mwenzake.

Ndipo Wangila akasema, "Wacha tutengeneze bafu ya masta. Ile stoo ya mahindi iko katikati ya bedroom yetu na room ya mama, tutoboe kwa upande yetu, mimi na wewe tuingilie huko, mama abaki na ile ya korido." Nikashangilia. Stoo ni futi tano kwa tisa, si kubwa lakini ni yetu, na nilianza kuota.

Na hapa ndipo shida yangu ilipoanza, maana nilipofumba macho nikiwaza bafu sikuona shawa wala vioo, niliona bafu letu la Kitale. Lilikuwa mabati yaliyosimamishwa kwa miti ya blugamu, halina paa, juu ni mawingu tu, chini ni jiwe bapa jeusi ambalo baba alilitoa mtoni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Jumamosi jioni maji yalichemshwa kwa debe juu ya mafiga, yakawa na harufu ya moshi na majani, baridi ya Kitale unaijua, ukivua nguo meno yanagongana, halafu mama anakumwagia kata ya kwanza mgongoni na dunia nzima inakuwa sawa. Alitusugua kwa dodoki na sabuni ya mche, visigino kwa kigae, masikio kwa kidole chake kilichovikwa kitambaa. Tulikuwa watoto wanane, na nyumba yenye watoto wanane mama huwa hapatikani, ana mtoto mgongoni, mwingine kwenye sketi, ng'ombe wanalia, lakini mle bafuni ilikuwa zamu yako, mlikuwa wewe na yeye tu, na huko ndiko aliniambia kwamba shangazi amekufa, na huko ndiko aliniambia nimepita mtihani, na huko ndiko aliniambia mimi ni mzuri, maana mbele ya wengine hakusema maneno kama hayo. Harufu ya moshi wa blugamu mpaka leo ikinipata barabarani nasimama.

Basi mimi nikamwambia fundi wetu Kiplimo nataka mle ndani kuwe na kibaraza cha kukalia, cha jiwe, na mahali pa kuweka karai, nioge nimeketi kama zamani. Wangila akacheka mpaka akashika mbavu, "Mama Kui, watu wanaenda mbele, wewe unarudi kwa karai?" Yeye ameona kwenye simu bafu yenye sinki mbili, moja yangu moja yake, na shawa ya kioo, na kioo cha ukutani chenye taa pembeni. Kiplimo akachora yote kwa kipande cha chaki juu ya sakafu ya stoo, akasimama katikati ya michoro yake, akasema ukiweka kibaraza hakuna sinki mbili, na ukiweka sinki mbili mlango haufunguki.

Tungekubaliana hata hapo, lakini kuna jambo la bomba. Tanki la maji taka liko upande wa mama, kwa hiyo choo lazima kiegemee ukuta wa chumba cha mama, na ukitaka kukihamishia upande wetu ni kuvunja sakafu ya korido nzima. Huo ukuta ndio uliopo kichwani pa kitanda cha mama. Wangila aliposikia hivyo akagoma kabisa. "Ati nikae hapo na mama amelala upande ile ingine? Asikie kila kitu? Hapana bana. Heri ndoo." Mimi nikasema basi tuhamishe kitanda, yeye akasema hata mama akilala uani atajua, tukapaza sauti, na ukuta wa stoo ni mwembamba.

Asubuhi yake mama aliomba simu, akampigia Muigai aje amchukue Jumamosi. Kwangu alisema tu, "Sikukuja hapa kuvunjisha watu ukuta." Anarudi kwenye ule mteremko na kile choo cha nyuma ya zizi, na nyonga yake bado haijapona, na nyumbani hakuna mtu mchana. Nikimwachilia najua nitaitwa. Sasa nifanye nini, Bi Sharifo, niache kibaraza changu nimpe mume wangu sinki zake ili akubali, ama tuvunje korido nzima tugeuze bomba, ama nimwache mama aende wakati fundi anafanya kazi halafu nimrudishe, kama atakuwa wa kurudishwa?

Kabura, Kanduyi

BI SHARIFO ANAJIBU

Kabura binti Nyaruai, pole. Nimekusoma na kikombe changu cha chai mkononi, nikakiweka chini.

Nianze na sifa kidogo kabla sijakukaripia. Una mama mwenye staha na mume mwenye adabu, na wapo wanaoniandikia kila wiki ambao wangeuza shamba wapate mmojawapo. Mwanamume anayeoga kwa ndoo nyuma ya karakana kwa kumstahi mama mkwe ni wa kuombewa dua. Usimcheke, na usimruhusu mtu mwingine amcheke. Mila yao sitaigusa. Hujaniuliza kama ni nzuri au mbaya, na nyumba yako inaweza kuitunza bila mtu kufa kiu.

Sasa nikukaripie. Wewe na mumeo mmelewa neno moja, masta. Siku hizi kila anayemwaga zege Kanduyi au Kitale lazima awe na bafu la masta, hata kama masta mwenyewe hana ugomvi na bafu la zamani. Hebu nifuate polepole. Mama yako anaona haya kupita mbele ya kochi. Nyinyi mkaamua kujijengea bafu jipya chumbani, na mama aendelee kupita mbele ya kochi. Ulipokuwa unashangilia, kiu ya mama yako uliiweka wapi? Baada ya simiti yote hiyo, Jumapili Wangila angekuwa ameketi palepale, na Nyaruai angekuwa chumbani akikaza miguu palepale. Mngekuwa na sinki mbili na mgonjwa mmoja. Na hizo sinki mbili, mna meno mangapi ninyi hata msisubiriane?

Stoo iko katikati ya vyumba viwili. Mwambie Kiplimo Jumatatu asiguse ukuta wako, atoboe ukuta wa mama. Hilo bafu ni lake. Choo kikae hapohapo kilipochorwa, kwa kuwa bomba linataka hivyo, na ukuta kinaouegemea ni wa chumba chake mwenyewe, akisikia maji atakuwa anasikia maji yake. Wangila arudi kwenye bafu la korido leo hii, wewe ukiwa umeondoa kile kitambaa msumarini na kusugua sakafu mpaka asione alama ya mkwe.

Najua utasema, je, Wangila akiwa amelala hatamsikia mama upande wa pili? Ukuta wa upande wenu ni mwembamba, umeniambia mwenyewe. Uongezwe tofali, kisha mjenge kabati la nguo kuanzia chini mpaka dari, mlijaze mablanketi. Nguo humeza sauti kuliko kitu chochote ninachokijua. Kitanda chenu nacho kihamie ukuta wa mbali.

Futi tano kwa tisa zinamtosha mtu mmoja kwa raha, mkipanga kwa akili. Pakavu pawe karibu na mlango, maji yawe mwisho. Mlango uwe kwenye ukuta huo wa mama, ncha iliyo karibu na korido, mpana wa kupita mtu na fimbo yake na wewe umemshika kiwiko, na ufungukie nje, chumbani kwake. Hapa nikazie: mlango wa bafu la mzee ukifungukia ndani, siku akianguka atauziba kwa mwili wake na mtashindwa kumfikia. Sinki moja, ndogo, ikae pembeni ng'ambo ya mlango. Choo kifuate katikati. Mwisho kabisa, chini ya dirisha, ndipo pa kuogea, na sakafu iinamie huko taratibu, bila kizingiti wala ngazi, wala kioo cha kugonga. Taili ziwe za kukwaruza kidogo. Zile zinazong'aa waachie wenye nyonga nzima. Swichi ya taa iwe karibu na kitanda chake.

Na kibaraza chako kijengwe, Kabura. Cha tofali na simiti, kirefu cha kutosha watu wawili, kimo cha goti la mama yako na si goti lako. Bomba la maji moto liwe la kufikiwa na mtu aliyeketi, na karai liwe na mahali pake. Mimi nimekulia nyuma ya msikiti hapa Kitale, kwenye ua wa familia nyingi na bafu moja, na marehemu mama yangu alikuwa akiweka birika la shaba mlangoni ili watu wajue yumo. Hata leo nikiliona birika mahali nashusha sauti. Kwa hiyo usidhani sijaelewa kwa nini unalilia lile jiwe. Lakini yule anayemwaga kata ya kwanza mgongoni sasa hawezi kuinua debe. Mlikuwa watoto wanane mkimgawana mama kwa zamu. Zamu zote sasa ni zako. Msugue visigino. Mwambie wewe kama yeye ni mzuri, maana nadhani hajaambiwa tangu baba yenu afariki, na kama baba yenu yu hai, nadhani hajaambiwa kabisa.

Baba Kui, najua unasomewa haya, kwa hiyo nawe sikia. Bafu la mzee linataka vyuma vya kushikilia, kimoja kando ya choo, kimoja juu ya kibaraza, kimoja njiani. Vya dukani hung'oka. Wewe ndiye mchomeleaji. Pima, kata, lainisha kingo, vifunge ndani ya zege mpaka ng'ombe asiving'oe. Mkono wako mila imekukataza kumpa mama mkwe. Hicho chuma mpe, akishike kila siku, wala hakuna mzee wa Bungoma atakayekulaumu. Kazi hiyo ikiisha, kioo chako chenye taa nunua, ukitundike kwenye bafu la korido, na nikisikia Kabura amekucheka nitamwandika tena gazetini.

Kuhusu Jumamosi: mama asiondoke. Hakuna cha kwenda halafu arudishwe. Mzee aliyefungasha kwa haya harudi, hutuma salamu tu. Muigai akija apokelewe, ale, alale mpaka Jumatatu, ashike sepeto amsaidie Kiplimo, kisha arudi Kitale na gari tupu. Kazi ikiendelea, ndoo yenye mfuniko na kiti chenye tundu viwekwe chumbani kwa mama, na ndoo uimwage wewe mwenyewe. Na Jumapili hii Wangila atafute mechi ya kuangalia kwa jirani tangu asubuhi, mpaka mama azoee kunywa tena.

Jambo la mwisho, nalo ndilo lililonikera kuliko yote. Nimeirudia barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ulipomwuliza mama yako yeye angependa kuoga vipi. Hapapo. Umemsikiliza fundi, umebishana na mumeo, umeniandikia mimi ambaye mama yako hanijui, na mwenye nyonga amelala ukuta wa pili akiwasikia nyote. Weka gazeti chini sasa hivi. Ingia chumbani kwake, keti kitandani, umwulize. Kisha nyamaza mpaka ajibu, hata kama itabidi chakula cha jioni kiungue.